Huyu Si Abakah

Kabla hajashika ufagio, Bi. Ekua Bentsiwa alikuwa anaamkia picha. Alipanda ngazi zote ishirini na mbili, magoti yakilalamika, akafika sebule ya juu ya Nyumba ya Abakah, ambayo sasa ni makumbusho, akavua ndala, akasema, "Egya, kumekucha." Egya kwa Kifante ni baba, au mzee yeyote wa heshima. Ndipo akatoa kitambaa mfukoni na kuanza kupangusa kioo, taratibu, kuanzia kwenye paji la uso. Mlinzi wa lango alikuwa anamwita Mama Mwenye Nyumba, kwa kejeli tu. Yeye alimjibu kwamba mwenye nyumba hafagii, basi amletee ufagio mwingine maana huu umenyonyoka.

Picha yenyewe ilikuwa ya mwanamume aliyekaa kwenye kiti cha mikono, nguo kubwa imepita bega la kushoto na kuacha la kulia wazi. Mkononi ameshika fimbo yenye kichwa cha kasa, na usoni ana haraka, kama vile mpiga picha anamchelewesha. Chini yake makumbusho walikuwa wamebandika kikadi: "Egya Abakah, mfanyabiashara wa mafuta ya mawese, aliyejenga nyumba hii mwaka 1893."

Sasa hapo ndipo penye kisa. Mtu yule alikuwa Kobina Esuon, baba mzazi wa Bi. Ekua, na nyumba ilipojengwa alikuwa hata hajazaliwa.

Kosa hilo lilitokea hivi, na nakuambia lisingetokea ila kwetu. Makumbusho yalipoanzishwa, aliletwa mkuu wake kutoka Accra, dada mmoja wa kabila la Waga aitwaye Dede Lartey, msomi, mchapakazi, daftari halimtoki mkononi. Alimwonyesha mzee wa ukoo picha ile, akauliza, "Huyu ni nani?" Mzee wa ukoo, Kow Anaman, akajibu, "Egya Abakah." Na hakudanganya. Kila mwanamume anayekalia kiti cha ukoo ule huitwa Abakah. Mjenzi alikuwa Abakah, mpwa wake aliyemrithi akawa Abakah, Kobina Esuon baada yake akawa Abakah, na huyo Kow Anaman mwenyewe akipita sokoni leo wanawake wanamwamkia, "Egya Abakah, habari za mifupa?" Hapa Saltpond hata mtoto anajua kuuliza mara ya pili: Abakah yupi? Dede hakujua kwamba kuna mara ya pili. Aliandika, akashukuru, akaenda zake, na mzee akanyamaza.

Bi. Ekua naye akanyamaza, miaka sita mizima. Mdomo wake haukuwa na hesabu katika nyumba ile. Alizaliwa humo, kwenye vyumba vya ua wa nyuma, lakini mtoto kwetu ni wa ukoo wa mama, na wa mama yake walikuwa kijiji cha Kuntu. Nyumba huenda kwa mtoto wa dada. Kobina Esuon alipofariki mwaka 1961, kiti kilikwenda upande huo, na mjane na mabinti zake wawili wakapewa mwaka wa matanga, kisha wakaitwa, wakakalishwa vizuri, wakapewa chupa ya kinywaji na doti ya nguo, wakaambiwa wakati umefika. Hakuna aliyepiga kelele. Ndivyo ilivyo, na Bi. Ekua hakuwahi kulilia mbao na matofali ya watu.

Alichokililia ni kingine. Siku ile wanatoka, yeye ana miaka tisa, beseni lenye sufuria kichwani, mdogo wake Esi kashika upindo wa gauni lake, walipofika njiapanda ya Kuntu mama yao alitua mzigo wake chini akasema: "Baba yenu kalala miezi mitatu juu kule. Mdomo anao. Hakusema hata neno moja, watoto wangu walale wapi." Kisha akajitwika tena. Maneno hayo aliyarudia kila mvua ilipovuja kwenye paa la kaka yake, kila Krismasi, kila alipogombana na mawifi. Alikufa nayo mwaka 1994, Bi. Ekua amemshika mkono.

Yeye mwenyewe hakujua aamini nini. Baba alipougua sana, dada zake walimhamishia juu na kumuuguza wenyewe, kama inavyopasa. Mama alipika, sahani ikapokelewa kwenye ngazi. Watoto walipandishwa mara moja tu. Bi. Ekua alikumbuka mkono uliokonda juu ya shuka, na mtu akisema, "Haya, inatosha, mgonjwa anachoka." Je, mkono ule uliwawaza? Au mtu alikufa huku akifikiria kiti na mafuta ya mawese tu? Utasema mzee wa miaka sitini na sita angekuwa ameshaachana na mambo hayo. Weee! Muulize aliyewahi kuondoka bila kuagwa.

Kwa hiyo nyumba ilipozeeka, ukoo ukatawanyika Takoradi na Ulaya, mbuzi wakawa wanalala sebuleni, mpaka wakakubaliana kuuachia mji uitumie kuwa makumbusho, na ikasikika kwamba anatafutwa mwanamke wa usafi, Bi. Ekua aliuza sufuria zake za kenkey, ule ugali wa mahindi yaliyochachuka, wiki hiyohiyo. Wenzake wa sokoni walimwona kichaa. Kuacha kenkey yenye wateja ukafute vumbi la ukoo uliokutoa nje! Aliwaambia mgongo umechoka. Ukweli ni kwamba siku ya kwanza alipoingia na kusikia harufu ya ile chokaa na mbao kuukuu, ilibidi ashike ukuta.

Chumba cha baba yake sasa kilikuwa "Ofisi ya Mfanyabiashara", na kamba nyekundu mlangoni ili wageni wasiingie. Mfagiaji tu ndiye aliyevuka kamba. Na alipovuka, jamani, hakufuta vumbi peke yake. Kwa miaka sita alipapasa chini ya kila saraka ya meza ile, nyuma ya kioo, ndani ya mitungi ya mawese, kwenye nyufa za sakafu, akitafuta kipande cha karatasi chenye mwandiko wa baba. Barua. Mstari mmoja. Hata majina yao mawili tu. Alikuta pini, mende, na vocha ya simu ya mgeni mmoja asiyejiheshimu.

Pengine angekufa hivyohivyo, amenyamaza. Kilichomvunja ni vitenge.

Nyumba ilikuwa inatimiza miaka mia moja na ishirini na tano. Ukoo ukaagiza kitambaa cha sherehe, cha rangi ya samawati, kimejaa sura ya mjenzi kwenye viduara, imetolewa kwenye picha ileile ya sebuleni. Kilipofika sokoni wanawake walikigombea. Jumatatu hiyo Bi. Ekua anapita kwenda kununua samaki wa kukaanga, akamwona muuza pilipili mmoja, mama mnene wa haja, kaketi kwenye kigoda chake, na baba yake Bi. Ekua yuko pale makalioni, amekaliwa, uso nusu umetokeza pembeni na ile haraka yake.

Alicheka kwanza. Alicheka mpaka muuza pilipili akauliza kulikoni. Kisha kicheko kikakatika, samaki hajanunua. Aliondoka moja kwa moja mpaka ofisini kwa Dede Lartey, bila hata kupiga hodi.

"Dada Dede, yule pale juu si Abakah."

Dede alikuwa anahesabu viti vya wageni rasmi. "Bi. Ekua, karibu. Si Abakah vipi?"

"Namaanisha ni Abakah, lakini si yule. Ni baba yangu."

"Subiri. Baba yako ni Abakah?"

"Ndiyo."

"Basi wewe ni wa ukoo huu! Na unafagia! Mbona hukuniambia siku zote?"

"Mimi si wa ukoo huu. Mimi ni wa Kuntu."

Dede aliweka kalamu chini. "Mama, kwetu mtoto ni wa baba, mambo yanaisha. Ninyi Wafante mtaniua. Nieleze polepole."

Alielezwa polepole. Alipoelewa, alishika kichwa, maana kulikuwa na kikadi, kulikuwa na kijitabu, na sasa kulikuwa na maelfu ya yadi za kitenge. Lakini alikuwa mwanamke mwaminifu. Akasema, "Nakuamini, ila siwezi kufuta kwa sababu mfagiaji kaniambia. Usichukie. Una ushahidi gani?"

"Njoo nikuonyeshe."

Walipanda. Kwenye kabati la kioo la sebule ya juu kulikuwa na bendera ya kikosi kimoja kati ya vile vikosi vya ulinzi vya mji tangu zamani, nyekundu, imeshonewa jogoo, alama ya kikosi hicho. Wenyewe makumbusho walikuwa wameandika kwamba ndiyo iliyofunika jeneza la mjenzi wa nyumba. Bi. Ekua akagusa kioo, akamwonyesha jogoo. Kisha akamvuta mbele ya picha, akamwonyesha kasa kwenye kichwa cha fimbo.

"Nyumba tunaifuata kwa mama," akasema. "Kikosi tunakifuata kwa baba. Mjenzi alikuwa wa kikosi cha jogoo kwa sababu baba yake alikuwa wa jogoo. Huyu ni wa kasa. Mimi ni wa kasa. Mdogo wangu Esi ni wa kasa. Hicho ndicho kitu pekee nilichorithi, Dada Dede, na hawawezi kuninyang'anya."

Dede alikodoa macho. "Labda mzee aliazima fimbo, kwa ajili ya picha?"

"Aliazima!" Bi. Ekua alishika kiuno. "Mwanangu, watu wamepasuana vichwa mji huu kwa sababu mtu alishona kasa wa mwenzake kwenye kofia. Mtu wa jogoo akamate fimbo ya kasa, apigwe picha, halafu afike kwake mzima? Labda huko Accra."

Dede alikubali. Alichukua simu, akampigia mzee wa ukoo.

Kow Anaman alifika alasiri, nguo begani, bakora mkononi, miaka sabini na tisa na bado amenyooka. Alipomwona Bi. Ekua amesimama karibu na picha bila ufagio, alielewa yote kabla hajaketi.

"Enhe," akasema. "Mtoto wa Esuon kaanza."

"Sijaanza kitu, Egya. Naomba baba yangu aandikwe jina lake."

"Jina lake ni Abakah. Kiti alikikalia. Unataka tumvue?"

"Nataka Kobina Esuon. Alilopewa na baba yake siku ya nane baada ya kuzaliwa."

Dede akaingilia kwa adabu, akaeleza habari ya jogoo na kasa. Mzee alisikiliza amefumba macho. Alipofumbua, hakumtazama Dede kabisa.

"Mimi nilijua," akasema. "Unadhani simjui mjomba wangu? Nimemnyoa ndevu kwa mkono huu. Lakini ukoo hauna picha ya mjenzi, hakuna aliyempiga. Sherehe ni Jumamosi. Watu watakuja kumtazama nani? Ukuta? Acha kama ilivyo, Ekua. Baba yako katundikwa mahali pazuri kuliko wote. Kakaa juu, anatazamwa na wazungu. Unalia nini?"

"Anatazamwa na jina la mtu mwingine."

"Basi nikuambie. Ukitaka Abakah, abaki ukutani. Ukitaka Esuon, nitamshusha leo hii, aende stoo. Esuon hatundikwi kwenye sebule hii nikiwa hai."

"Kwa nini?" Bi. Ekua alisogea. Sauti ilikuwa imempanda, nayo ilisikika mpaka langoni. "Kwa nini, Egya? Alikosa nini? Kawatumikia miaka kumi na nne. Paa hili kalipaka lami yeye. Ua wa nyuma kaujenga yeye. Sisi mlitutoa, tukatoka, hatukurusha hata jiwe. Mama yangu alibeba godoro kichwani mpaka Kuntu, na hakuwatukana. Sasa hata jina? Hata jina lake mnalionea choyo?"

"Choyo!" Mzee alipiga bakora chini, mbao zikaitika. Miaka yote ya unyamavu ilimpanda usoni. "Usiniambie choyo! Unajua alichotaka kutufanya, huyo baba yako? Alitaka kutuibia! Alituita hapo chumbani, wiki mbili kabla hajafa, wazee wote, na mimi kijana nimeshika taa. Akasema ua wa nyuma nimeujenga kwa jasho langu, si la ukoo, naukata, nawapa Ekua na Esi na mama yao. Kasema hivyo! Mali ya ukoo, mtu anaigawa kwa watoto, kama fulana! Wazee wakamwambia nyamaza, Abakah, homa inakusemesha. Hakunyamaza. Wakamtoza kondoo kwa kuvunja mwiko, akasema chukueni kondoo kumi. Kila siku, kila siku, mpaka mama yangu akataka kuziba masikio: watoto wangu watalala wapi? Watoto wangu watalala wapi? Usiku wa mwisho hana sauti, anasema kwa midomo tu. Tukala kiapo lisitoke nje ya chumba kile. Aibu kubwa kuliko ile haijaupata ukoo huu. Na wewe unataka nimtundike!"

Alisimama akihema. Alikuwa amemchapa kwa fimbo kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, na alingoja aone itakavyomwangusha.

Bi. Ekua aliketi kwenye ngazi ya juu kabisa, mahali ambapo wafanyakazi hawaruhusiwi kukaa. Uso wake ulikuwa umebadilika, na Dede, aliyekuwa anamwangalia, aliogopa kwamba ni moyo.

"Egya," akasema taratibu. "Rudia."

"Nirudie nini?"

"Hiyo ya mwisho. Alisemaje?"

Mzee akafungua kinywa kwa hasira ileile, kisha akamwona vizuri. Alimwona mwanamke mzee amekumbatia magoti yake, kidevu kimeinuliwa, anangoja. Hasira ikamshuka, ukaona kabisa inavyoshuka. Aliketi kwenye kiti cha maonyesho kisichotakiwa kukaliwa.

"Alisema, watoto wangu watalala wapi," akarudia, sauti ya chini.

"Alitutaja majina?"

"Aliwataja. Ekua, halafu Esi. Wewe alikuita Bentsiwa-mdogo, kwa vile umechukua jina la bibi yake."

Hakuna mtu aliyemwita hivyo tangu akiwa na miaka tisa. Alikuwa amelisahau kabisa jina lile. Aliweka kiganja mdomoni na machozi yakapita juu yake.

"Mara ngapi?"

"Ekua, jamani."

"Mara ngapi, Egya?"

"Sikuhesabu. Kila nilipoingia na taa." Mzee aliishika nguo yake, akaiteremsha kutoka begani mpaka kifuani, kama mtu anavyofanya mbele ya anayemzidi, nami sijawahi kusikia mzee wa ukoo akifanya hivyo mbele ya mfagiaji. "Nilikuwa kijana. Niliona anatuaibisha. Sikufikiria kwamba huko nje kuna mtu hajui."

Dede alikuwa amesimama na daftari, hajui aangalie wapi. Mzee akamgeukia, akakohoa. "Andika Kobina Esuon. Mwache palepale ukutani. Jumamosi nitawaambia watu mimi mwenyewe. Vitenge vimeshachapwa, watavaa tu."

Bi. Ekua hakusikia neno. Jina alilolipigania tangu asubuhi lilikuwa linaandikwa hatua mbili kutoka alipoketi, na yeye alikuwa anatazama chini kwenye ngazi, mahali sahani ya mama yake ilipokuwa inapokelewa.

"Mama amekufa hajui," akasema. "Egya, miaka thelathini na tatu aliishi baada yake, na amekufa hajui."